Carwyn James: Mwalimu wa Fasihi Aliyefunza Raga

Jina la Carwyn James halifahamiki sana miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili, na hilo si ajabu. Alikuwa Mwelisi, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, aliyefunza lugha ambayo wazungumzaji wake ni wachache nje ya nchi yake ndogo. Umaarufu wake ulitokana na raga, mchezo ambao aghalabu hauhusishwi na taaluma ya fasihi. Mwaka 1971 aliifunza timu ya British Lions, yaani timu teule inayowakusanya wachezaji wa Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi, ikaishinda Nyuzilandi katika viwanja vya Nyuzilandi. Hakuna timu ya Lions iliyokuwa imelifanya jambo hilo kabla yake, na hadi leo hakuna iliyolifanya baada yake. Ushindi huo peke yake ungetosha kumpa nafasi katika historia ya michezo. Linalomhusu zaidi mwanafunzi wa lugha ni kwamba mtu huyu hakuwa na falsafa mbili, moja ya darasani na nyingine ya uwanjani. Aliwafunza wachezaji jinsi alivyowafunza wanafunzi kusoma mashairi, na ukaidi uleule uliomfanya mwalimu bora ndio uliomnyima kazi aliyostahili kuliko zote.

Carwyn James alizaliwa tarehe 2 Novemba 1929 katika kijiji cha Cefneithin, kwenye bonde la Gwendraeth, kusini-magharibi mwa Welisi. Wazazi wake walikuwa wametoka mashambani Ceredigion, na baba yake aliajiriwa mgodini kama wanaume wengi wa bonde hilo. Kijiji kilikuwa na mihimili mitatu: mgodi, kanisa na uwanja wa raga. Katika mihimili yote mitatu lugha ilikuwa Kiwelisi. Watu walichimba makaa kwa Kiwelisi, wakasali kwa Kiwelisi, na Jumamosi alasiri wakamkemea refa kwa Kiwelisi. Kiingereza kilikuwa lugha ya shule na ya barua kutoka serikalini. Hali hii haitamshangaza msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye huenda ameonja maisha ya kuzungumza lugha moja nyumbani na kutahiniwa kwa nyingine.

Ni muhimu kuikumbuka hali ya lugha hiyo katika miaka ya ujana na utu uzima wa James. Sensa ya mwaka 1961 ilionyesha kwamba wazungumzaji wa Kiwelisi walikuwa wamepungua hadi kufikia takriban robo ya watu wa nchi. Mwaka uliofuata, mwandishi Saunders Lewis alitoa mhadhara redioni akatahadharisha kwamba lugha hiyo ingetoweka iwapo wenyewe hawangeitetea kwa vitendo. Mhadhara huo ulichochea kuundwa kwa chama cha kuitetea lugha mwaka huohuo wa 1962. Kwa hiyo, kufunza fasihi ya Kiwelisi katika kipindi hicho ilikuwa kazi yenye uzito wa kisiasa hata kama mwalimu hakutamka neno moja la siasa. James hakuwa mtu wa kupiga kelele, ila alijua alichokuwa akikifanya kila alipoingia darasani na kitabu cha Kiwelisi mkononi.

Alisoma katika Shule ya Upili ya Gwendraeth, akawa nahodha wa timu ya raga ya shule za upili za Welisi, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Aberystwyth kusomea Kiwelisi. Huko alifunzwa na washairi wawili mashuhuri, T. H. Parry-Williams na D. Gwenallt Jones, aliyejulikana zaidi kwa jina lake la kishairi, Gwenallt. Huyu wa pili aliwahi kufungwa gerezani kwa kukataa kupigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ushairi wake ulibeba machungu ya wafanyakazi wa viwandani. Mwanafunzi wa mshairi wa aina hiyo hawezi kutoka chuoni akiamini kwamba sanaa ni pambo tu. Baada ya chuo, James aliitwa kwenye huduma ya lazima ya kijeshi, akapelekwa katika jeshi la wanamaji na kufunzwa Kirusi. Wakuu wa jeshi walimtaka asikilize mawasiliano ya Wasovieti. Yeye aliitumia lugha hiyo kumsoma Chekhov, na mapenzi yake kwa tamthilia za mwandishi huyo hayakumtoka maishani. Mnamo 1954 alizuru Romania pamoja na klabu ya Swansea, wakati ambapo timu za Magharibi zilizokwenda upande huo wa Ulaya zilikuwa za kuhesabika.

Kama mchezaji, James alivaa jezi ya nambari 10, yaani mchezaji ambaye huamua iwapo mpira utapigwa, utapitishwa au utakimbizwa. Hakuwa na umbo kubwa. Alitegemea kukwepa, kubadilisha mwendo ghafla na kuupiga mpira kwa usahihi kwa mguu. Aliichezea klabu ya Llanelli kwa miaka mingi, na wengi waliomwona walimhesabu kuwa miongoni mwa nambari 10 bora wa kizazi chake. Tatizo ni kwamba kizazi hicho kilikuwa pia na Cliff Morgan, nyota wa Cardiff, aliyekuwa ameimiliki jezi ya taifa. Morgan alikuwa katika kikosi cha Lions cha mwaka 1955, kikosi ambacho kikirejea kutoka Afrika Kusini kilipitia Nairobi na kucheza na timu ya Afrika Mashariki.

James aliichezea Welisi mara mbili pekee, zote mwaka 1958 jijini Cardiff. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Australia mwezi Januari, naye alichangia ushindi wa pointi 9 kwa 3 kwa kuudondosha mpira na kuupiga ukapita katikati ya milingoti. Ya pili ilikuwa dhidi ya Ufaransa mwezi Machi, akiwa amehamishiwa safu ya kati ili Morgan acheze nambari 10. Welisi ilishindwa. Hakuitwa tena. Mechi mbili ni kidogo kwa kipaji kama kile, lakini huenda ndizo zilizomtayarisha kwa kazi yake ya baadaye. Mchezaji aliyeketi kando kwa miaka mingi akimtazama mwingine akicheza nafasi yake hupata muda wa kuusoma mchezo, na pia huelewa yanayompata moyoni yule ambaye hakuchaguliwa. Nchini Nyuzilandi, miaka 13 baadaye, uelewa huo ulimfaa.

Wakati huo alikuwa tayari mwalimu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi miaka ya mwisho ya 1960 alifunza Kiwelisi katika Chuo cha Llandovery, shule ya bweni iliyoanzishwa miaka ya 1840 kwa nia ya kuwaelimisha vijana wa Welisi katika lugha yao. Raga ya shule hiyo ilikuwa imejengwa na mwalimu T. P. Williams, aliyesisitiza kukimbia na kupasiana badala ya kuupiga mpira nje na kungojea makosa ya adui. James aliurithi mtindo huo na kuukuza. Baadaye alikwenda kuwa mhadhiri wa Kiwelisi na drama katika Chuo cha Trinity mjini Carmarthen, huku akiifunza klabu yake ya zamani, Llanelli.

Msomaji wa leo, aliyezoea kumwona mkufunzi akisimama kando ya uwanja na kundi la wasaidizi na kompyuta, anahitaji kuelezwa jinsi mambo yalivyokuwa. Raga ya wakati huo ilikuwa ya ridhaa, wachezaji hawakulipwa. Visiwani Uingereza neno mkufunzi lilitiliwa shaka, kwani wakuu wa mchezo waliamini kwamba nahodha ndiye aliyepaswa kuongoza na kwamba mazoezi ya kupangwa yalikuwa karibu na udanganyifu. Ni Welisi iliyotangulia kubadilika. Mwaka 1967 chama cha raga cha nchi hiyo kilimwajiri Ray Williams kuratibu mafunzo ya wakufunzi, na mwaka huohuo timu ya taifa ikapata mkufunzi wake wa kwanza, David Nash. James aliingia katika uwanja ambao haukuwa na mila, hivyo akaleta mila aliyoijua, ambayo ni ya darasa la fasihi.

Katika darasa zuri la fasihi, mwalimu haanzi kwa kuwaambia wanafunzi maana ya shairi. Huuliza, hungoja, huwaacha wanafunzi wakosee, na huwarejesha kwenye beti wakajionee wenyewe. James aliufanya uwanja kuwa hivyo. Alizungumza kwa sauti ya chini. Aliuliza maswali zaidi ya alivyotoa amri. Mchezaji aliyejaribu jambo la ujasiri likaharibika hakukemewa. Aliyekemewa kwa upole ni yule aliyeogopa kujaribu. Aidha, hakuamini kwamba wachezaji wote wanapaswa kufunzwa kwa njia moja. Barry John, ambaye naye alizaliwa Cefneithin na kukua akimtazama James akifanya mazoezi ya kupiga mpira, alikuwa mchezaji wa kipaji kisichopenda mazoezi magumu. James alimwacha. Wakati wenzake wakisukumana matopeni, John aliweza kuonekana pembeni akichezea mpira wa kandanda. Mkufunzi mwingine angeiona hali hiyo kuwa utovu wa nidhamu. James aliona kwamba nidhamu ya mtu huyu ilikuwa akilini, na kwamba kumchosha miguu kungekuwa kumharibu.

Tukio linaloonyesha tabia yake kikamilifu lilitokea kabla ya safari ya Nyuzilandi. Katika msimu wa 1969 na 1970, timu ya Afrika Kusini ilizuru visiwa vya Uingereza. Ilikuwa timu ya weupe watupu, iliyoiwakilisha serikali ya ubaguzi wa rangi, na maandamano yaliifuata kila ilikokwenda. Tarehe 20 Januari 1970 ilipangiwa kucheza na Llanelli katika uwanja wa Stradey Park. James alikuwa mkufunzi wa Llanelli. Alikuwa pia mtu aliyeupinga ubaguzi huo waziwazi. Alikuwa na njia mbili nyepesi: kujiuzulu na kuwaacha wachezaji wake bila mwongozo, au kunyamaza na kusingizia kwamba siasa na michezo havichangamani. Hakuifuata hata moja. Aliwatayarisha wachezaji kwa mechi hiyo kwa uangalifu wake wa kawaida, akazungumza nao katika chumba cha kubadilishia nguo, na walipotoka kuingia uwanjani yeye akabaki ndani. Mechi nzima hakuitazama. Nje, vijana wake walifunga mojawapo ya trai zilizosifiwa kwa miaka mingi katika uwanja ule, wakashindwa kwa pointi moja tu, 10 kwa 9. Mkufunzi wao aliyajua hayo kwa kusikiliza kelele za umati kupitia ukutani.

Inawezekana kuuliza iwapo msimamo huo ulitosha. Wapo waliosema kwamba kuitayarisha timu ni kushiriki, na hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, James alikuwa akijaribu kutimiza wajibu wa aina mbili bila kuudhulumu mmoja kwa ajili ya mwingine: wajibu wa mwalimu kwa wanafunzi wake, na wajibu wa mtu kwa dhamiri yake. Hakumlazimisha mchezaji yeyote kumfuata. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuielewa mizani hiyo, kwa kuwa mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, ilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini. Wanariadha walioitwa nyumbani walijua vyema gharama ya msimamo kama huo.

Miezi michache baada ya mechi ya Stradey Park, mwezi Juni 1970, James aligombea kiti cha ubunge cha Llanelli kwa tiketi ya Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Welisi. Hakutarajia kushinda katika ngome ile ya chama cha Leba, na hakushinda, japo alipata zaidi ya kura 8,000. Kinachoshangaza ni kwamba kamati ya kumchagua mkufunzi wa Lions ilijua siasa zake, kwani hakuzificha, na bado ikampa kazi. Alikuwa hajawahi kuifunza timu yoyote ya taifa.

Lions walikusanyika Eastbourne, kusini mwa Uingereza, mwezi Mei 1971. Kiongozi wa msafara alikuwa Doug Smith, daktari wa Kiskoti, na nahodha alikuwa John Dawes wa Welisi. Historia haikuwapa matumaini. Safari iliyotangulia ya Nyuzilandi, ya mwaka 1966, Lions walikuwa wameshindwa mechi zote nne kuu. Smith alitabiri kwamba safari hii wangeshinda mbili, washindwe moja na kutoka sare moja. Watu walicheka. Kicheko kiliongezeka pale Lions walipofungwa na Queensland nchini Australia katika mechi yao ya kwanza.

James alikuwa na kazi ya kuwaunganisha watu wa mataifa manne ambao kwa kawaida hukutana wakiwa mahasimu. Aliwachanganya vyumbani ili wa nchi moja wasijitenge. Katika mafunzo, aliwagawia wachezaji wenyewe maeneo ya kufikiria. Skramu, kwa mfano, aliikabidhi kwa Ray McLoughlin wa Ayalandi, mtu mwenye akili ya kihandisi aliyeweza kuieleza pembe ya kila mgongo na mahali pa kila mguu. James alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma na hakujifanya bingwa wa skramu. Kwa mkufunzi wa kawaida, kukiri hivyo mbele ya wachezaji ni kujivua mamlaka. Kwake ilikuwa sawa na mwalimu anayemwomba mwanafunzi wa pwani alieleze darasa neno la bahari.

Faida ya njia hiyo ilijitokeza upesi. Juma moja kabla ya mechi kuu ya kwanza, Lions walicheza na jimbo la Canterbury katika mchezo ulioharibika ukawa ngumi na mateke. Walishinda 14 kwa 3, ila Sandy Carmichael wa Uskoti alivunjwa mfupa wa shavu na McLoughlin mwenyewe akavunjika kidole gumba. Wote wawili, nguzo za mstari wa mbele, hawakuweza kucheza tena katika safari hiyo. Maarifa ya McLoughlin yalikuwa yamekwisha kuwaingia wenzake, kwa hivyo skramu haikuporomoka. Tarehe 26 Juni mjini Dunedin, aliyefunga trai pekee ya mechi alikuwa Ian McLauchlan, aliyeingia kikosini baada ya majeruhi hao. Lions walishinda 9 kwa 3. Siku hiyo Barry John alimwadhibu mlinzi wa mwisho wa Nyuzilandi, Fergie McCormick, kwa kuupiga mpira huku na huko mbali kidogo na mikono yake, hadi uwanja ukaona huruma. McCormick hakuichezea tena nchi yake.

Mechi ya pili, mjini Christchurch, Lions walishindwa 22 kwa 12. Hicho ndicho kipimo halisi cha mkufunzi. James alirejea kwenye matini, kama ambavyo msomi wa fasihi angefanya, akatafuta mahali tafsiri yake ilipopotoka. Aliona kwamba Sid Going, mchezaji wa nambari 9 wa Nyuzilandi, alikuwa ameachwa huru kukimbia kandokando ya skramu. Kwa mechi ya tatu alimchagua Derek Quinnell, kijana wa Llanelli ambaye hata hakuwa amewahi kuichezea Welisi, akampa kazi moja mahususi, kumfungia Going njia. Tarehe 31 Julai mjini Wellington, Lions walipata pointi 13 katika dakika 20 za mwanzo, kisha wakazilinda hadi mwisho. Matokeo yalikuwa 13 kwa 3. Mechi ya mwisho, Auckland, tarehe 14 Agosti, iliisha sare ya 14 kwa 14, baada ya J. P. R. Williams, mlinzi wa mwisho, kuudondosha mpira na kuupiga kutoka mbali sana, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Utabiri wa Doug Smith ulikuwa umetimia neno kwa neno. Katika mechi 24 walizocheza Nyuzilandi, Lions walishindwa hiyo moja ya Christchurch tu.

Takwimu hizo hazipaswi kuficha jambo jingine. Kikosi cha safari ndefu huwa na watu wanaocheza mechi kuu na wengine wanaocheza katikati ya juma dhidi ya majimbo, wasioonekana sana magazetini. Kundi hili la pili likikata tamaa, kambi nzima huoza. Kundi la James halikukata tamaa. Lilimaliza safari ya Nyuzilandi bila kushindwa hata mara moja. Mtu aliyekuwa ameketi nyuma ya Cliff Morgan alijua jinsi ya kuzungumza na mchezaji anayeketi nyuma ya J. P. R. Williams.

Baada ya safari hiyo alitunukiwa nishani ya dola ya Uingereza. Chanda chema huvikwa pete, lakini chanda hiki kiliikataa pete kwa sababu za uzalendo.

Mwaka uliofuata Nyuzilandi walikuja wenyewe. Tarehe 31 Oktoba 1972 walicheza na Llanelli, klabu iliyokuwa ikiadhimisha msimu wake wa mia. Mapema katika mechi, mkwaju wa penalti wa Phil Bennett uligonga mwamba, Roy Bergiers akauzuia mpira uliokuwa ukiondoshwa na adui na kuuangukia nyuma ya mstari. Trai ilikuwa imepandishwa thamani kuwa pointi 4. Bennett aliongeza 2, na baadaye Andy Hill akapiga penalti kutoka mbali. Llanelli ilishinda 9 kwa 3. Inafaa kutaja kwamba hotuba iliyokumbukwa siku hiyo katika chumba cha kubadilishia nguo haikuwa ya James. Ilikuwa ya nahodha, Delme Thomas, iliyowatoa wachezaji machozi. Mkufunzi alikuwa amejua mahali pa kunyamaza. Mwezi Januari 1973, timu ya mwaliko ya Barbarians ilipokutana na Nyuzilandi hao hao Cardiff, James aliombwa kuzungumza na wachezaji kabla ya mechi. Inaaminika kwamba alimhimiza Bennett acheze kama alivyocheza nyumbani Stradey. Dakika chache baada ya mechi kuanza, Bennett alikwepa watu watatu karibu na mstari wake mwenyewe na kuanzisha trai iliyomaliziwa na Gareth Edwards, trai ambayo hadi leo huonyeshwa kila mara raga inapotajwa.

Kufikia hapo, ilionekana dhahiri kwamba James ndiye angekuwa mkufunzi wa Welisi pindi Clive Rowlands angeondoka mwaka 1974. Hakuwa. Wakati huo timu ya taifa ilichaguliwa na kamati ya watu watano iliyoteuliwa na chama cha raga, na mkufunzi alikuwa mmoja wao tu. James aliona kwamba mtu anayewajibika kwa matokeo ndiye anayepaswa kuiongoza kamati na kuwachagua washauri wake. Alilieleza sharti hilo kwa maandishi, akijua jinsi lingepokewa, na akaliondoa jina lake. Wakuu wa chama hawakuwa tayari kuyaachilia mamlaka hayo kwa mtu yeyote, sembuse kwa mwalimu mwenye siasa zake. Kazi ilimwendea John Dawes, nahodha wake wa Nyuzilandi, ambaye aliifanya vizuri.

Kuna watakaosema kwamba James alijinyima mwenyewe, na kwamba angeikubali kazi kwanza na kubishana baadaye. Hoja hiyo inapuuza mantiki ya maisha yake yote. Mtu aliyewaambia wachezaji kwamba wafikiri wenyewe na wawajibike kwa uamuzi wao hangeweza kukubali kuongoza timu aliyochaguliwa na wengine. Leo hii sharti lake ni utaratibu wa kawaida karibu kila mahali. Mwaka 1974 lilionekana kuwa kiburi.

Mwaka huo aliacha uhadhiri, akajitosa katika utangazaji na uandishi, akiwa na BBC na kuandikia gazeti la The Guardian. Aliendelea kuhusishwa na Llanelli, iliyotwaa kombe la Welisi miaka minne mfululizo, kuanzia 1973 hadi 1976. Mwaka 1977 alihamia Italia kuifunza klabu ya Rovigo, katika mji mdogo ulio karibu na delta ya mto Po, na mwaka 1979 klabu hiyo ikawa bingwa wa nchi. Mwaka huohuo kilichapishwa kitabu cha historia ya raga duniani alichoandika pamoja na mwanahabari John Reason.

Miaka yake ya mwisho haikuwa na furaha nyingi. Hakuoa. Kwa muda mrefu alisumbuliwa na ugonjwa wa ngozi uliomkosesha usingizi na kumtesa hadharani, na alivuta sigara na kunywa pombe kupita kiasi. Waliomjua walimkumbuka kuwa mkarimu na mchangamfu katika mazungumzo, ila mpweke mno mazungumzo yalipokwisha. Tarehe 10 Januari 1983 alifariki kwa mshtuko wa moyo katika chumba cha hoteli mjini Amsterdam, akiwa na umri wa miaka 53. Kufikia siku hiyo timu ya taifa ya Welisi ilikuwa imepata wakufunzi watano tangu Nash, na yeye hakuwa mmoja wao.